Puukko ya mkono: kutengeneza kisu cha kiunoni chenye mpini wa pembe ya poro

Miji mingi ya Ufini ina chuo cha jioni cha wananchi, kansalaisopisto, na baridi ikishaingia vingi hufungua darasa la kutengeneza puukko. Wanakuja wastaafu, manesi, madereva wa malori, mabinti wa miaka ishirini. Kila mmoja anashika jiliwa lake, na kwa wiki kadhaa husikii kingine ila tupa zikikereza. Nimekaa kwenye darasa la namna hiyo baridi mbili mfululizo. Nyumbani nilizoea kuona mapanga na sime vikifuliwa kutoka kwenye springi za lori, kwa hiyo chuma hakikunipa taabu sana. Mpini ndio ulionichukua baridi ya pili yote, na ndio nitakaoukalia zaidi hapa, kwa sababu kisu kingi kizuri hufia pale chuma kinapoingia kwenye pembe.

Puukko ni kisu kifupi cha kazi. Bapa lake ni sentimita 8 hadi 10, karibu sawa na mpini. Mgongo umenyooka, makali ni ya upande mmoja, na hakina kizuizi cha vidole kati ya bapa na mpini. Kinakaa kiunoni ndani ya ala ndefu ya ngozi inayomeza bapa lote na zaidi ya nusu ya mpini. Wafini wanachongea mti, wanapasulia samaki, wanachumia uyoga. Mji wa Kauhava, magharibi ya nchi, umejulikana kwa visu hivi tangu enzi za Iisakki Järvenpää aliyeanzisha kiwanda chake mwaka 1879, na puukko yenye kichwa cha farasi kwenye mpini ni yao. Rovaniemi, kwenye lango la Lapland, kampuni ya Marttiini inavitengeneza tangu 1928. Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa, wana visu vyao vyenye majina yao, na wao ndio mabingwa wa kuchonga pembe ya poro.

Pembe yenyewe

Poro ni ndugu wa yule ayala wa Zaburi, ila anafugwa, na ana manyoya mazito ya nchi ya theluji. Usiifananishe pembe yake na ya ng'ombe. Pembe ya ng'ombe ni ganda, kitu cha jamii ya ukucha, ndani wazi, na ng'ombe hukaa nayo maisha yake yote. Pembe ya poro ni mfupa mtupu wenye matawi, unaoota na kudondoka kila mwaka. Madume huangusha zao baada ya msimu wa kupandana, baridi inapoanza. Majike hubaki nazo hadi karibu na kuzaa, mwezi wa tano. Ndiyo, majike nao wana pembe, na katika jamii nzima ya ayala ni kwa poro tu ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mpini unaweza kutoka kwa mnyama anayeendelea kula majani yake porini. Ila kila poro ana mwenyewe, basi nunua pembe kwa wafugaji au kwenye duka la vifaa vya ufundi.

Tafuta kipande kilichonyooka karibu na shina la pembe, urefu wa sentimita 11 au 12 ili ubaki na cha kukata, unene usiopungua milimita 28. Kisha geuza uangalie mahali ilipokatwa. Utaona tabaka mbili: ukuta wa nje, mweupe na mgumu, na kiini cha kahawia chenye vitundu kama mkate. Huo ukuta ndio unaoulipia. Ukiwa na milimita 5 kuzunguka pande zote, chukua. Ukiwa na 3, acha, hata kama pembe ni nzuri kwa macho, kwa sababu tupa itakula milimita 2 kabla mpini haujakaa mkononi. Utakuwa unapiga tupa kwa furaha, halafu kwenye weupe unaona doa dogo jeusi, kama tundu la sindano. Ukipiga mara mbili zaidi yanakuwa kumi. Hapo umeshaingia kwenye kiini na hakuna kurudi nyuma.

Ya pili ni ukavu. Pembe iwe imekaa ndani ya nyumba miezi mingi, ikiwezekana mwaka. Kisu changu cha kwanza nilikitengeneza kwa pembe iliyoonekana kavu kwa nje. Baada ya miezi miwili ilisinyaa, ikaachana na kipande cha shaba cha mdomoni mwa mpini kwa ufa mwembamba kama unywele. Maji yakapita humo, na nilipokuja kukipasua msuka, ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, ulikuwa umeliwa na kutu nusu ya unene wake. Tangu hapo kila kipande ninachonunua nakiandika tarehe kwa kalamu ya risasi.

Kwa anayesoma akiwa Afrika Mashariki: poro hakuna, na usishawishike na pembe ya mnyamapori hata uliyoiokota. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Kenya na Tanzania zote mbili zinahesabu kumiliki nyara ya mnyamapori bila kibali kuwa kosa kubwa. Kilicho karibu zaidi na pembe ya poro ni mfupa wa muundi wa ng'ombe au wa ngamia, ule ule ambao mafundi wa Kibera wanachongea hereni na bangili. Uchemshe, ukwangue mafuta, uanike kivulini wiki kadhaa. Ule uwazi wa ndani uujaze kwa kijiti cha mti mgumu kilichopakwa gundi, kisha fuata hatua zilizobaki kama zilivyo.

Bapa

Madukani Ufini yako mabapa yaliyo tayari, yamefuliwa na kutiwa matiko, yaani kugumishwa kwa moto, na ukitaka kuanza na hilo anza, kwani darasani nusu ya watu hufanya hivyo. Mimi napenda kuanzia tupa kuukuu ya inchi 8, isiyokata tena. Tupa nzuri ina kaboni nyingi, zaidi ya asilimia 1, na chuma chake hushika makali. Ila kuna tupa za bei rahisi ambazo ugumu wake ni wa juujuu tu. Kuzijua ni rahisi: zungushia kitambaa kinene, vaa miwani ya kukinga macho, na uvunje ncha kwenye jiliwa. Iliyo ngumu hadi ndani hukatika ghafla kama kigae na kuonyesha punje za kijivu laini. Inayopinda kabla ya kuvunjika, mrudishie aliyekupa.

Tupa ngumu haikatiki kwa msumeno, kwa hiyo kwanza ilainishe. Ipashe moto kwenye makaa hadi iwe nyekundu urefu wote, kisha ifukie kwenye majivu makavu yenye joto, na uiache hadi asubuhi. Ipoe polepole. Hapo itakubali msumeno na tupa mwenzake.

Chora kisu kwenye karatasi, kikate, kibandike juu ya chuma. Vipimo vyangu ni hivi: bapa urefu wa milimita 90, upana 22, unene 4, na msuka urefu wa 115, ukianza na upana wa 12 na kupungua hadi 6 mwishoni. Kona mbili pale bapa linapogeuka kuwa msuka zizungushe kwa tupa ya duara. Ukiziacha kali, ndipo kisu kitakapokatikia siku utakapokitumia kubandua kitu.

Makali ya puukko ni mteremko mmoja tu kila upande, kutoka karibu na katikati ya bapa hadi mwisho, bila mteremko wa pili mdogo wa kunolea. Kwenye chuma cha milimita 4, mteremko wa kimo cha milimita 10 kila upande unakupa makali ya nyuzi kama 22 au 23, ambayo yanachonga mti vizuri bila kumomonyoka. Weka alama mstari wa mteremko pande zote mbili, piga tupa taratibu, na usifike hadi kwenye makali. Acha unene wa karibu milimita 1. Chuma chembamba kikiingia kwenye mafuta kikiwa chekundu hupinda au kupasuka.

Matiko

Andaa chombo cha chuma chenye mafuta ya kupikia, lita moja na nusu hivi, yaliyopashwa hadi yawe ya moto ila kidole kinavumilia kidogo, nyuzi 50 hadi 60. Weka mfuniko wa chuma karibu, maana mafuta yanaweza kushika moto. Fanyia nje au mlango ukiwa wazi, na mahali penye kiza kidogo ili uone rangi ya chuma.

Pasha bapa polepole, ukilipitisha huku na huku ili ncha isitangulie. Kila baada ya muda ligusishe sumaku. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 huacha kushikana na sumaku kabisa. Kikishaacha, kirudishe motoni kidogo tu, rangi ipande nusu kiwango, kisha zamisha kwenye mafuta ncha ikitangulia, wima, bila kuyumbisha kushoto wala kulia. Ukisogeza, sogeza juu na chini. Hesabu hadi kumi na tano. Ukitoa, pitisha tupa kwenye makali: ikiteleza kama juu ya kioo, matiko yameshika. Ikiuma, hakikuwa na moto wa kutosha, rudia.

Sasa bapa ni gumu kupita kiasi, na likianguka sakafuni linaweza kukatika. Lisafishe kwa msasa hadi ling'ae, na liingize kwenye oveni ya jikoni kwa nyuzi 200, saa nzima, litoe lipoe, kisha saa nzima tena. Rangi inayotakiwa ni ya majani makavu ikielekea kwenye asali. Mwisho ulainishe msuka peke yake: funga bapa kwa kitambaa kilicholowa maji, na upashe msuka kwa mrija wa gesi hadi uwe wa bluu. Msuka lazima uwe laini, kwa kuwa mwisho wake utagongomewa.

Noleo

Noleo ni kile kipande cha shaba kinachofunga mdomo wa mpini, mahali bapa linapochomoza. Chukua shaba ya njano ya milimita 4. Toboa matundu matatu ya milimita 3.5 yakifuatana kwenye mstari, kisha uyaunganishe kwa vitupa vyembamba vya sonara hadi upate mwanya wa mstatili. Hapa usiwe na haraka. Mwanya uwe mdogo kuliko msuka mpaka dakika ya mwisho. Piga tupa mara tatu, jaribu. Mara tatu, jaribu tena. Paka msuka wino wa kalamu, na pale wino unapoachwa kwenye shaba ndipo penye kuzuia. Hapo tu ndipo unapoondoa.

Mwalimu wetu, mzee wa maneno machache, alikuwa na kipimo kimoja. Alichukua kisu chako, akakiinua kuelekea taa ya dari, na kuangalia pale shaba inapokutana na chuma. Akiona uzi wa mwanga alikurudishia bila kusema kitu. Noleo langu la pili lilirudishwa mara nne. Mara ya tano alilishika kwa muda, akaligeuza upande wa pili, kisha akaenda kwenye sanduku lake na kuniletea gome la mti wa koivu (birch kwa Kiingereza). Maana yake nimefika hatua inayofuata.

Gome hilo, tuohi kwa Kifini, hukatwa vipande viwili au vitatu vyembamba na kuwekwa kati ya shaba na pembe. Linapendeza, lakini kazi yake hasa ni kunyonya tofauti: shaba na pembe havitanuki sawa, na gome linabonyea kidogo katikati yao. Kipande cha ngozi nacho kinafaa.

Kukutanisha msuka na pembe

Kata pembe iwe milimita 100 kamili, na ncha zote mbili zinyooshe kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo. Chora mstari katikati ya kila ncha. Toboa kwa kekee ya milimita 6 kutoka mbele, kisha kutoka nyuma, vitundu vikutane katikati. Kiini ni laini na kekee hupenda kukimbilia kwenye ulaini, basi toboa kwa mwendo mdogo, toa unga kila sentimita, na uangalie mwelekeo. Upande wa mbele ongeza vitundu viwili pembeni, kina cha sentimita 6 hivi, ili msuka mpana upate nafasi. Kuta zinazobaki kati ya vitundu hukwanguliwa kwa kipande cha bleedi kuukuu ya msumeno wa chuma. Pembe ikiwa imepinda kidogo, ni rahisi kuupinda msuka uifuate kuliko kulazimisha tundu.

Vaa barakoa. Unga wa pembe ni unga wa mfupa, na mapafu hayautaki. Ukitumia mashine ikapata moto, chumba kizima kitanuka nywele zilizoungua na pembe itaanza kuwa ya njano.

Panga kila kitu bila gundi kwanza: noleo, gome, pembe, na nyuma kabisa kibati cha shaba cha milimita 3 chenye tundu la kupitisha mwisho wa msuka. Bana, inua kwenye taa, angalia. Kikikubali, fungua, futa mafuta yote kwa spiriti, na changanya gundi ya epoksi ya kukauka kwa saa 24, sio ile ya dakika tano. Imimine kidogo kidogo ukichokoa kwa waya ili hewa itoke. Vitundu vya kiini vinakunywa gundi nyingi kuliko utakavyodhani, na humo ndimo nguvu ya mpini itakapotoka.

Sukuma msuka hadi mabega ya bapa yakae juu ya noleo. Bana bapa kwenye jiliwa kati ya vibao viwili vya mti laini, msuka ukiangalia juu, kata uliozidi ubaki milimita 2 juu ya kibati, na gundi ikiwa bado mbichi gonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Vipigo vyepesi, ukizunguka, hadi chuma kitanuke kama kichwa cha uyoga na kubana kila kitu. Futa gundi iliyotoka. Kisha kisu kikae hadi kesho yake.

Kuchonga mpini

Mpini mzuri una umbo la yai ukiutazama kwa mbele, ili hata gizani mkono ujue makali yako wapi. Katikati unanenepa kidogo kujaza kiganja, na nyuma unatanuka tena ili kidole kidogo kiwe na pa kushika unapokichomoa kwenye ala. Piga tupa, shika, fumba macho, zungusha, piga tena. Sehemu ya ganda la asili, lile la kahawia lenye mikunjo, iache upande mmoja kama ukuta unaruhusu. Inashika vizuri mkono ukiwa na maji ya samaki.

Vitundu vikitokea, dondoshea gundi nyepesi ya papo kwa papo, iache ikauke, upige msasa juu yake. Msasa namba 120, 240, 400, kisha 800, na mwisho chaki iliyosagwa kwenye kitambaa chenye maji. Pembe itang'aa kama jino. Ipake nta ya nyuki. Mafuta sipaki, yanaigeuza rangi.

Wasami huchora kwenye pembe kwa ncha ya kisu na kusugulia rangi nyekundu ya gome la mti wa leppä (alder kwa Kiingereza), ili michoro ionekane. Chora yako. Mitindo yao ina maana za koo na maeneo, na kazi yao ya mikono, duodji, ina alama rasmi inayomhakikishia mnunuzi kwamba aliyetengeneza ni Msami. Kisu chako usikiuze kwa jina lao.

Kunoa ni kazi ya kulaza mteremko wote juu ya jiwe na kusukuma, pande zote sawasawa: jiwe la 400, la 1000, la 3000, kisha kuvuta kinyume juu ya ngozi. Ile milimita 1 uliyoiacha inaisha hapa, kwa hiyo tenga jioni nzima.

Ala

Anza na lesti, kijumba cha mti kinachokaa ndani ya ngozi na kushika bapa. Vibao viwili vya mti laini, kimoja kikichongwa shimo la umbo la bapa, vikabandikwa na kupunguzwa hadi kuta zibaki milimita 3. Bila lesti makali yatakata ngozi na mwishowe paja lako.

Ngozi iwe ya milimita 2 hadi 2.5, iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, kwa sababu ndiyo inayokubali kufinyangwa. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu robo saa. Kisu kipake mafuta na ukifunge kwa nailoni ya jikoni tabaka mbili, maana ngozi mbichi huacha madoa meusi kwenye chuma. Ingiza kwenye lesti, zungushia ngozi, mshono uwe nyuma. Toboa kwa msharasi kila milimita 4, na ushone kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika tundu moja. Kwa namna hiyo uzi mmoja ukikatika, wa pili bado unashika. Kisha, ngozi ikiwa bado imelowa, chukua mfupa laini au mgongo wa kijiko na ukandamize kuzunguka noleo na kwenye kiuno cha mpini, mpaka umbo la kisu lisomeke kwa nje. Juu ongeza kitanzi cha ngozi cha kupitisha mkanda.

Ikauke kwenye hewa ya chumba siku mbili. Usiiweke karibu na kipasha joto wala juani, itakunjamana na kuwa ngumu kama ubao. Na kabla hujaivaa kutoka nyumbani, ujue kwamba sheria ya Ufini hairuhusu kubeba kisu hadharani bila sababu inayokubalika. Kwenda kuvua au kuchuma uyoga ni sababu, kutembea nacho sokoni sio.

Siku ya tatu toa nailoni, paka ngozi nta, na urudishe kisu. Kinapofika mwisho, noleo hupita ule mbano na utasikia kishindo kidogo. Geuza ala juu chini, uitikise. Kikibaki ndani, kivae. Kikiteleza, lowesha mdomo wa ala na uukandamize tena.